Mwenye shibe hamjui mwenye njaa: panya wanawajibu mnaocheka wanene

Najua nimepotea, na wengine mlishaanza kusema blogu imekufa. Haijafa jamani. Ni testi tatu ndani ya wiki moja, bumu nalo limechelewa kama kawaida yake, na mtu asiye na hela ya bando ataandikaje? Sasa nimerudi. Leo sina habari za maji kukatika hosteli wala za foleni ya mgahawa. Leo nina ugomvi.

Ugomvi wangu ni na sentensi moja. Naisikia kwenye korido, naisikia kwenye daladala, naisikia mpaka kwenye semina ambako watu wanalipiwa ada wafikiri: "Kisukari? Si amejitakia mwenyewe." Ina wadogo zake wengi. Akipita dada mnene kidogo, "huyu anakula kwa niaba ya wangapi?" Akiugua, "hakujua kufunga mdomo." Akifa, msibani pembeni kule wanaume wanacheza bao na kunong'ona, "mzee alipenda nyama."

Hebu tuitazame vizuri hiyo hoja, manake ni hoja, siyo utani tu. Inasema uzito wa mtu ni ripoti ya tabia yake. Wembamba ni cheti cha nidhamu, na kitambi ni hati ya mashtaka. Sukari ikipanda ni hukumu imetoka. Nasema hivi: hoja hiyo ni uongo. Tena ni uongo uliokwisha kanushwa zamani, kabla ya wengi wetu kuzaliwa, na waliotoa ushahidi mzito kabisa ni panya.

Msicheke. Na wala sisemi panya buku wa kule SUA Morogoro, ambao shirika la APOPO linawafundisha kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, ingawa hao peke yao wangetosha kutufundisha heshima. Nasema yule panya mdogo wa nyumbani, wa gramu 25 au 30 hivi, anayetafuna kona za madaftari yako. Huyo ndiye aliyefugwa maabara zaidi ya miaka 100, ukoo kwa ukoo, na ndiye aliyetuonyesha unene unatoka wapi.

Mwaka 1949, katika Maabara ya Jackson huko Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani, wahudumu waliona panya wachache wanene kupita kiasi ndani ya kundi la kawaida. Chakula kilikuwa kilekile, vizimba vilevile, wazazi walewale. Lakini hawa waliweza kufikia mara 3 ya uzito wa ndugu zao. Wakafuatilia uzazi, wakakuta ni jeni moja tu: panya akipata nakala mbovu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, anakuwa mnene. Akipata moja tu, haumwi. Wakaiita ob. Mwaka 1966 maabara hiyohiyo ikatangaza jeni nyingine, db, ambayo panya wake walikuwa wanene na wana kisukari kikali.

Sasa tulieni hapa, manake hapa ndipo uongo unapovunjika mguu. Mtafiti mmoja wa maabara ile, Douglas Coleman, aliwaunganisha panya wawili wawili kwa upasuaji ili damu ya mmoja ifike kwa mwenzake. Alipomuunganisha panya wa db na panya wa kawaida, yule wa kawaida aliacha kula mpaka akafa kwa njaa, na chakula kiko mbele yake. Alipomuunganisha wa db na wa ob, yule wa ob naye akaacha kula. Na wa ob akiunganishwa na wa kawaida, alipunguza kula, asinenepe kama mwanzo. Coleman akasoma maana yake: kuna kitu ndani ya damu kinachosema "tumeshiba". Panya wa ob hawezi kukitengeneza. Panya wa db anacho tele, ila hana sikio la kukisikia.

Kitu chenyewe kilikuja kupatikana mwaka 1994, pale timu ya Jeffrey Friedman katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, ilipoipata jeni ya ob kwenye kromosomu ya 6 ya panya, baada ya msuli wa takriban miaka 8. Mwaka uliofuata homoni yake ikaitwa leptini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba. Na inatengenezwa wapi? Kwenye mafuta yenyewe! Yale mafuta mnayoyacheka ndiyo yanayoandika barua kwenda kwenye ubongo: akiba ipo, acha kula. Barua isipofika, ubongo unaamini mwili unakufa njaa, hata kama panya ameshakuwa mviringo kama chungwa.

Haya niambieni. Yule panya alikosa nidhamu gani? Hajawahi kualikwa harusini. Hajui zege ni nini. Hajawahi kuagiza soda ya pili kwa sababu rafiki ndiye anayelipa. Ana njaa. Njaa ya kweli, isiyo na mwisho, mchana na usiku. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na sisi tukadhani ni msemo wa matajiri na maskini peke yake. Kumbe ni biolojia pia. Wewe unayesukuma sahani na kusema "nimetosheka" hujashinda vita yoyote. Barua yako imefika, basi.

Najua mtakachosema. "Panya ni panya, binadamu ni binadamu." Sawa. Mwaka 1997 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za watoto wawili, binamu, wa familia yenye asili ya Pakistani. Mmoja alikuwa na miaka 8 na kilo 86. Mwingine alikuwa na miaka 2 na kilo 29. Wote wawili hawakuwa na leptini kabisa, kwa hitilafu ya jeni ileile iliyokutwa kwa panya. Mwaka 1999 ikatangazwa kwamba mtoto mmoja aliyechomwa sindano za leptini alipungua zaidi ya kilo 16 ndani ya mwaka. Kabla ya hapo, mnadhani majirani walimsemaje mama yake?

"Lakini hao ni wachache sana duniani." Hapo mmesema kweli, na mimi sitaki kushinda kwa hila. Kukosa leptini ni nadra mno. Wanene wengi wana leptini nyingi, na walipojaribiwa kuchomwa zaidi, wengi wao hawakupungua kwa maana. Kwa hiyo ob na db hazielezi kitambi cha mjomba wako. Zinaeleza kwamba njaa ina mitambo. Ili kujua ya mjomba, tunahitaji kazi nyingine, nayo ndiyo hasa niliyotaka kuwaletea leo: kuchora ramani ya jeni nyingi ndogondogo za uzito na sukari.

Inafanyika hivi, na nitaeleza bila madesa. Chukua koo mbili za panya. Kila ukoo umezaliana ndugu kwa ndugu vizazi 20 au zaidi, mpaka wote ndani ya ukoo wanafanana kama nakala za fotokopi. Ukoo mmoja ni wanene, wa pili wembamba. Wazalishe pamoja. Watoto wa kwanza wanafanana wote. Sasa wazalishe watoto hao wao kwa wao: wajukuu wanatoka kila mmoja na mchanganyiko wake, kipande cha babu mnene hapa, kipande cha bibi mwembamba pale. Pima mamia ya wajukuu hao uzito, sukari na insulini. Halafu soma alama za DNA kwenye jozi zote 20 za kromosomu, uulize: ni sehemu gani ambayo wanene wanaichangia kuliko bahati tu ingeruhusu?

Jibu linalotoka siyo jeni. Ni mtaa. Ni kama unasikia muziki usiku: kwanza unajua uko upande wa mtaa gani, lakini mtaa una mamia ya nyumba, na bado hujui ni nani amefungulia spika. Inabidi uendelee kuzalisha panya, kizazi baada ya kizazi, ukipunguza kipande kidogo kidogo mpaka ubaki na nyumba chache, halafu ubishe hodi mlango mmoja mmoja. Ni kazi ya miaka. Ndiyo maana mwaka 1995 Eric Lander na Leonid Kruglyak waliandika kudai ushahidi mkali zaidi kabla mtu hajatangaza kwamba ameona mtaa wowote, manake ukitafuta kila mahali, bahati nayo itakuonyesha kitu. Kumbukeni hilo mkiona tena kichwa cha habari kinachosema "jeni ya unene yapatikana". Mara nyingi aliyeandika ameona mtaa, akatangaza nyumba.

Na ramani hizo zimesema nini? Nitawapa mambo manne, kila moja ni kofi kwenye shavu la ile sentensi.

La kwanza: unene siyo kisukari. Coleman na mwenzake Katharine Hummel walichukua jeni ileile ya ob wakaiweka kwenye koo mbili tofauti. Kwenye ukoo mmoja panya walikuwa wanene sana, sukari ikapanda kidogo kisha ikashuka, kwa sababu kongosho lao liliongeza seli za insulini likamudu mzigo. Kwenye ukoo wa pili, jeni ileile, unene, lakini seli za insulini zikafa na panya wakafa mapema kwa kisukari. Miaka ya baadaye timu ya Alan Attie huko Wisconsin ikafanya hesabu kama hiyo kwa koo nyingine, na mwaka 2000 ikaonyesha mitaa miwili mikubwa ya sukari kwenye kromosomu ya 16 na ya 19. Mwaka 2006 ikabisha hodi kwenye nyumba moja ya ile ya 19, jeni inaitwa Sorcs1. Maana yake ni kwamba kunenepa ni swali moja, na kongosho lako kustahimili ni swali jingine. Anayemtazama mtu kiuno akampa ugonjwa kwa macho ni mpiga ramli.

La pili: wembamba siyo uadilifu. Kuna ukoo wa panya wembamba unaitwa SJL. Unawapa chakula cha mafuta mengi, hawanenepi. Wangekuwa wanafunzi wa hapa wangetupa mihadhara ya kujizuia. Mwaka 2008 watafiti wa Taasisi ya Lishe ya Ujerumani, karibu na Potsdam, waliokuwa wamewachanganya na panya wanene wa New Zealand, wakatoa siri: kwenye kromosomu ya 5 jeni yao moja, Tbc1d1, imekatika. Misuli yao inachoma mafuta badala ya sukari. Yaani wembamba wao ni jeni iliyoharibika! Wewe unayekula sahani mbili za wali na suruali haikubani, usijisifu mapema. Huenda nawe kuna kitu kimekatika mahali.

La tatu: mwembamba anaweza kubeba kisukari kwenye mkoba wake. Katika uzao uleule wa koo mbili, mtaa wa kromosomu ya 4 uliongeza kisukari, na nakala mbaya ilitoka kwa nani? Kwa SJL, wale wembamba! Kwao wenyewe haikuonekana. Ilisubiri mpaka ikaingia kwenye mwili wa mjukuu mnene, ndipo ikauma. Mwaka 2009 jeni inayoshukiwa hapo ikatajwa, Zfp69. Kwa hiyo ukimcheka mwenzako mwenye sukari, angalia usije ukawa unacheka ulichompa mwanao.

La nne, na ndilo kubwa: mwaka 1988 Richard Surwit na wenzake katika Chuo Kikuu cha Duke waliwapa chakula cha mafuta mengi koo mbili, moja inaitwa C57BL/6J na nyingine A/J. Chakula kilekile. Wa kwanza wakanenepa na kupata kisukari. Wa pili hawakuathirika kiasi hicho. Halafu wale wa kwanza wakipewa chakula cha kawaida, wanabaki salama. Rudieni kusoma taratibu. Chakula kimoja, koo mbili, matokeo mawili. Ukoo mmoja, vyakula viwili, matokeo mawili. Sasa nionyesheni ni wapi kwenye jedwali hilo pana nafasi ya kuandika "tamaa".

Hapo nawageukia wapinzani wangu wa upande wa pili, manake nao wapo. Hao wakisikia neno jeni wanakunja mikono. "Basi ni damu yetu, bibi alikuwa nacho, mama anacho, mimi nasubiri zamu yangu." Hapana! Panya wa Duke hawakusema hivyo. Jeni iliwapa hatari, sahani ikaamua. Na mkitaka ushahidi wa nyumbani, huu hapa. Mwaka 1989 timu ya Donald McLarty ilitangaza matokeo ya kupima watu wazima katika vijiji vya Tanzania: waliokuwa na kisukari hawakufika hata 1 kati ya 100. Mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa wa watu wa miaka 25 hadi 64 ukakuta takriban 9 kati ya 100. Vipimo havikufanana sawasawa, na ule wa kwanza ulikuwa vijijini tu, kwa hiyo msigawanye namba hizo kama hesabu ya darasa la tano. Lakini hata ukipunguza, mwelekeo unaonekana. Na ndani ya miaka 23 jeni za taifa zima hazibadiliki. Wazazi wetu ni walewale, damu ni ileile. Kilichobadilika ni kizimba na chakula kinachowekwa ndani yake.

Tazameni kizimba chetu hapa chuoni. Tunakaa kitako kutoka asubuhi hadi jioni, darasani, maktaba, daladala, bodaboda. Saa nne usiku umemaliza msuli, una shilingi chache, ni nini kiko wazi nje ya geti? Chipsi, soda, maandazi. Nani anauza matunda saa hiyo? Nani anauza samaki wa kuchoma na mchicha kwa bei ya zege? Halafu mwenzetu ambaye kwa bahati ya kuzaliwa mwili wake unafanana na wale panya wa kwanza wa Duke akinenepa, sisi wa A/J tunamwita mlafi, wakati tumekula naye sahani moja, tena yeye ndiye aliyelipa!

Na aibu ina bei yake. Kuna mwenzetu hapa hosteli, simtaji na msimtafute, ana kisukari cha aina ya kwanza tangu shule ya msingi. Anajichoma insulini chooni, amefunga mlango, kwa sababu siku moja watu waliona bomba la sindano wakaanza kumwita teja. Kwenye zahanati moja, ambayo nayo siitaji, aliambiwa na mhudumu mbele ya foleni nzima, "wewe mdogo hivi, soda ngapi kwa siku?" Mtu wa kilo 52! Kisukari cha aina yake hakina uhusiano na soda. Kinga ya mwili inashambulia seli za insulini na kuziua. Panya wanaougua hivyo, ukoo wa NOD uliotangazwa Japani mwaka 1980, wanaumwa bila kunenepa, majike wengi kuliko madume, na mtaa wao mkubwa kabisa wa hatari uko kwenye kromosomu ya 17, palepale penye jeni za kinga. Huyu mwenzetu ameanza kuruka sindano za mchana ili asionekane. Mnajua maana ya kuruka insulini kwa mtu wa aina ya kwanza? Siyo kunenepa wala kukonda. Ni kufa. Kwa hiyo msiniambie ni utani. Utani wenu umeshaingia kwenye dozi ya mtu.

Kuna kundi la tatu, la wajuaji. "Wazungu hawana kazi, wanapima panya, sisi tuna malaria." Kwanza, sisi tuna malaria na kisukari, hatukuambiwa tuchague. Pili, dawa za sindano zinazotikisa dunia sasa hivi, kama semaglutaidi, zinaiga homoni ya utumbo inayoongeza insulini na kupunguza hamu ya kula. Jamani, kama hamu ya kula ni dhambi tu, sindano inaitibuje? Sijawahi kuona sindano ya kutibu wizi wa mtihani. Tatu, na hili ndilo linaniuma zaidi: wakati sisi tunacheka, ramani inachorwa bila sisi.

Mwaka 2024 jopo la kimataifa lilitangaza ramani ya kisukari cha aina ya pili kutoka kwa watu zaidi ya milioni 2.5. Wameona mitaa 611 kwenye jenomu ya binadamu. Mitaa 611! Kila mmoja unasukuma kidogo tu, ndivyo panya walivyotutabiria. Lakini takriban 6 kati ya 10 ya watu hao wana asili ya Ulaya. Waafrika, wenye tofauti nyingi za jeni kuliko watu wote duniani, ni sehemu ndogo. Na pale tulipopimwa, mambo mapya yalionekana: mwaka 2019 utafiti uliofanywa kwa watu wa Nigeria, Ghana na Kenya ulionyesha eneo la jeni ya ZRANB3 kuhusiana na kisukari, na mwaka huohuo ukatoka utafiti wa jenomu za maelfu ya wanakijiji wa Uganda. Majirani zetu hao! Kwa hiyo inawezekana. Kinachohitajika ni watu waliokwenda shule, wasioona aibu kufanya kazi na panya.

Na nisiwadanganye kwamba panya ni msahafu. Hapana. Wale C57BL/6J wanaofugwa Bar Harbor wenyewe walikuja kugundulika, miaka ya 2005 na 2006, kwamba wamepoteza kipande cha jeni moja, Nnt, kinachohusika na utoaji wa insulini, wakati ndugu zao waliolelewa maabara nyingine wanacho. Jina la ukoo karibu lilelile, mwili tofauti. Anayesoma utafiti wa panya bila kuuliza "panya yupi?" atadanganyika. Panya hatupi jibu la mwisho. Anatupa mahali pa kuanzia kuuliza, na anatuondolea mahali pa kijinga pa kuanzia, yaani kwenye tabia ya mgonjwa.

Kwa hiyo nadai nini? Madai yangu ni mafupi.

Kwanza, ile sentensi ife. Mtu akisema mbele yako "amejitakia", muulize amejitakia kromosomu ya ngapi. Nina hakika hatajibu.

Pili, mnaosomea uuguzi na udaktari, mtakuwa wale wahudumu wa dirishani muda si mrefu. Muulizeni mgonjwa anakula nini kwa sababu sahani inabadilika na inaweza kumsaidia, siyo kwa sababu mnatafuta kosa la kumsomea. Maneno ni yaleyale, ila moja ni matibabu na jingine ni matusi.

Tatu, serikali yetu ya wanafunzi, ambayo kila uchaguzi inatuahidi televisheni mpya, ikakae na wenye vibanda na uongozi tupate chakula cha maana usiku kwa bei ya mwanafunzi, maji ya kunywa ya bure, na chumba kimoja safi chenye kufuli ambamo mtu anaweza kujichoma sindano bila kunusa choo. Chumba kimoja tu! Hakihitaji mfadhili.

Nne, wewe mwembamba unayesoma huku unatabasamu: kapime sukari. Hasa kama kwenu kuna aliyenayo. Usingoje kitambi kikutangazie, manake mmeshaona panya wa SJL walibeba nini bila kitambi.

Na yule mwenzetu, kama unasoma hapa, na najua unasoma: mlango wa chumba chetu uko wazi saa saba mchana kila siku. Meza ipo, mwanga upo, na atakayecheka atakula ugali wake nje.

Haya, maoni uwanja ni wenu. Mnaobisha karibuni, ila bisheni kwa hoja. Jumatatu nina testi nyingine, tuombeane.